Mkate Chini ya Mto

Wiki ya mwisho ya Januari 2008, Nakuru ilipowaka moto kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, kila kitu kilihesabiwa. Katika uwanja wa maonyesho ya kilimo yalihesabiwa mahema, blanketi, mitungi ya maji na magunia ya unga. Baadaye Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ikahesabu waliouawa nchi nzima: 1,133. Waliofurushwa makwao walipita laki sita. Watoto nao walihesabiwa, kichwa kwa kichwa, kwenye foleni ya uji. Aliyekunywa akanyamaza alichukuliwa kuwa salama.

Ukimya huo unaniuma hadi leo. Watu walisema mtoto husahau upesi. Aliyewapiga wenzake darasani aliitwa mkorofi. Aliyekojoa kitandani akiwa na miaka kumi, mvivu. Aliyechomoa mandazi kibandani, mwizi wa kuzaliwa. Kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, lakini katika madarasa mengi kilikuwa bado mezani kwa mwalimu. Na ghasia za namna hii hazikuwa ngeni katika Bonde la Ufa. Molo ilikuwa imeungua 1992, Njoro ikaungua 1998. Baadhi ya waliokimbia wakiwa watoto 1992 walikuwa wazazi mahemani 2008, wakiwatuliza wana wao kwa maneno yale yale waliyotulizwa nayo wao: nyamaza, yamekwisha.

Mtaani kwetu Langa Langa palikuwa na mjane muuza sukuma wiki, sote tukimwita Shosho. Aliwachukua ndugu wawili kutoka kambini, msichana na kaka yake mdogo, watoto wa kabila lililokuwa likiwindana na lake. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Chifu aliambiwa, akaitikia kwa kichwa, basi. Majirani wakamwonya kwamba anajitafutia balaa.

Akitandika vitanda, alikuta vipande vya mkate chini ya mto wa mvulana, vingine vimeota ukungu. Jirani mmoja akamshauri amchape mapema kabla hajazoea wizi. Shosho akanunua kopo la plastiki lenye kifuniko, akatia mkate na viazi vitamu vya kuchemsha, akaliweka kando ya kitanda. “Hili ni lako, baba,” akamwambia. “Hakuna atakayeligusa. Likiisha niambie.” Kila jioni alilijaza bila kuuliza kilichokwenda wapi. Ilipita miezi kabla kopo halijaanza kukutwa asubuhi likiwa na kila kitu ndani. Taa ya chemni aliiacha ikiwaka usiku kucha, na mafuta ya taa hayakuwa rahisi. Tena hakuondoka kwenda sokoni alfajiri bila kumwamsha mvulana na kumwambia aendako na saa ya kurudi, kwa sababu siku aliyoondoka kimya alimkuta amejikunyata chini ya meza, suruali imelowa, hata jina lake mwenyewe halitamki.

Mtaa mzima ulisema anamdekeza. Hakuwa akimdekeza. Mtoto aliyeishi katika hofu kubwa hubaki macho hata hatari inapokwisha: mwili unaendelea kumwaga homoni za kukimbia au kupigana, usingizi unamkatikakatika, akili haishiki hesabu ya ubaoni kwa kuwa inasikiliza mlango. Kuficha mkate ndiko kulikomvusha. Hawezi kuliacha jambo lililomwokoa kwa sababu tu amechapwa. Ataliacha siku mwili wake utakapoamini kwamba kesho kuna chakula, na imani hiyo hujengwa na mtu mmoja anayerudia jambo lile lile kila siku. Mwaka wa 2000 watafiti kutoka Marekani walianza kuwafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest, Romania, nusu yao wakihamishiwa kwa familia za malezi ya kambo. Waliohama wakiwa wadogo, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walijifunza kumwegemea mlezi kuliko wenzao waliobaki makaoni.

Kisha mjomba wao akapatikana. Alikuja asubuhi moja na lori la mizigo, akashukuru kwa heshima zote, na kabla ya adhuhuri watoto walikuwa wameondoka kuelekea Kuresoi. Alikuwa na haki, ni damu yake. Lakini hakuna aliyewaandaa, wala aliyefikiri kwamba yule mvulana alikuwa akinyang’anywa mama kwa mara ya pili. Shosho hakuwa na cheo chochote katika jambo lile. Kwa muda mrefu aliwauliza madereva wa malori ya Kuresoi kama wamewaona.

Leo mjomba huyo angepaswa kukutana kwanza na afisa wa watoto. Nyumba yake ingekaguliwa, watoto wangemzoea kwa ziara, na baada ya kuhama wangefuatiliwa. Sheria ya Watoto ya 2022 imeyatambua malezi ya jamaa, malezi ya kambo na kafaala ya Kiislamu, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke makaoni warudi katika familia. Nayafurahia haya kwa moyo wote. Lakini ni katika Nakuru hii hii, Februari 2019, watoto wa mitaani walipobebwa kutoka mjini na kwenda kuachwa upande wa msitu wa Chemususu, Baringo. Sheria ya watoto, ile iliyotangulia, ilikuwapo hata siku hiyo.

Nayo misiba haikukoma. Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka usiku. Aprili 2024 maji yakashuka Mai Mahiu alfajiri watu wamelala. Mama mmoja wa Mai Mahiu anamlea binti wa marehemu dada yake. Mvua ikianza, hata ya rasharasha, mtoto hupanda juu ya kabati na hashuki. Mlezi hamfokei. Humpandishia blanketi, akaketi chini yake akazungumza mpaka kupambazuke, kisha akaenda kibaruani na macho mekundu. Familia zilizosajiliwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa ajili ya mayatima hupata shilingi 2,000 kwa mwezi; yeye bado anasubiri jina lake litoke. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ameiandika ukutani kwa makaa. Aliipiga usiku mmoja, akapokewa vizuri, akasikilizwa. Anachokosa ni mtu anayemjua huyu binti kwa jina, atakayefika Jumanne, na Jumanne inayofuata, na nyingine tena, kwa miaka. Mtu huyo hulipwa mshahara, na mshahara hutengewa fungu katika bajeti.