"Bibi, Kula!"

Leo nimetoka darasani na moyo haujatulia. Nimeona jirani amekwisha tibu donda ambalo sisi bado tunalichekea.

Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni, hapa Los Angeles. Anayekaa naye chumba kimoja ni msichana wa Kikorea aliyezaliwa hapahapa, Koreatown. Leo darasa la Kikorea la msichana huyo lilikaribisha wageni, nami nikaenda. Nilidhani nitakuta watu wanarudia "hujambo" ya kwao. Kumbe Kikorea pale chuoni kina milango miwili. Mmoja ni wa mgeni kabisa, anayeanzia kwenye herufi. Wa pili ni wa mtoto wa nyumbani, aliyeisikia lugha tangu yuko mgongoni, anayeelewa kila kitu mama akifoka, ila hajawahi kuandika hata barua moja. Kabla ya kuanza muhula, mwalimu hukaa na kila mwanafunzi, wakaongea, ndipo ajue ampitishe mlango upi.

Mwalimu aliuliza: mnamwulizaje mwenzenu kama amekula? Darasa zima likajibu kwa mkupuo, *bap meogeosseo*, maana ndivyo mama zao wanavyowauliza kila siku. Akauliza tena: na bibi yako je? Kimya. Kwa Kikorea, ukizungumza na mtu mzima, hata chakula hubadilika jina. Cha mtoto ni *bap*, cha bibi ni *jinji*. Kitenzi cha kula nacho hubadilika. Kulala kwa mtoto ni *jada*, kwa mkubwa ni *jumusida*. Hata umri wa mtoto na umri wa mzee havitajwi kwa neno moja.

Kisha akasema jambo nililoliandika haraka nyuma ya risiti: hawa si watoto wasio na adabu. Mtoto hushika lugha anayosemeshwa, na nyumbani husemeshwa kama mtoto. Hajawahi kumsikia mama yake akiongea na mkwewe.

Nikaikumbuka Tanga, Julai iliyopita.

Tulikuwa tumeketi mkekani kwa mama yangu, Ngamiani, samaki wa nazi yuko katikati. Binti yangu, kwa upendo wote alionao, akamsogezea bibi yake sahani akasema: "Bibi, kaa! Kula!" Wajomba walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mzungu anamwamrisha bibi!" Toka siku hiyo hadi tunapanda ndege, mtoto hakusema sentensi nzima ya Kiswahili mbele yao. Mama yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama kweli namfundisha. Niliona aibu, na nilimgombeza mtoto kwenye gari.

Leo nimeelewa nilichokuwa nimemfundisha. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikimwambia njoo, kaa, kula, lete, oga, lala. Hicho ndicho Kiswahili alichopata kwangu, na ndicho alichompelekea bibi yake. Angemsikia nani mwingine hapa nyumbani akisema "karibu chakula" au "naomba ukae hapa"? Hakuna. Tuko wawili tu, na baba yake anatoka kazini usiku.

Wakorea wa hapa wametutangulia. Wengi walikuja baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, na wazazi huwapeleka watoto shule za lugha za Jumamosi, nyingi zikiwa makanisani. Hawangoji chuo. Lakini chuo nacho kinampokea mtoto na alichonacho. Niliona imla: neno la "pamoja" hutamkwa *gachi*, ila huandikwa kwa herufi ya t. Kijana mmoja aliliandika kama anavyolisikia, na likiandikwa hivyo linakuwa neno jingine, "thamani". Mwalimu hakupiga mstari mwekundu. Alimwambia sikio lako ni zima, sasa tuufundishe mkono. Herufi hizo Mfalme Sejong wa Korea alizitangaza mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kuandika lugha yao, na yule kijana alikuwa anazipigania kwa jasho. Sisi Mungu ametujalia, tunaandika tunavyotamka. Sisi shida yetu ni ngeli.

Kazi ya nyumbani je? Kila mmoja ampigie simu bibi au babu yake, amwulize alivyofika Marekani, amrekodi, kisha aiandike habari hiyo kwa lugha ya heshima. Nilitamani kulia.

Binti yangu alijaribu darasa la Kiswahili, katika chuo alichoanzia kabla ya kuhamia hiki. Waliketishwa wote pamoja, yeye na waliokuwa wanajiandaa kwenda kupanda Kilimanjaro. Wiki sita "Jina langu ni". Aliacha. Na nyumbani Tanzania nako, kozi nilizozitafuta Zanzibar na Arusha zote zimepangwa kwa mgeni: sokoni, hotelini, safarini. Mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje, anayejua "umenikera" lakini hajui "kitabu changu", hana pa kukaa. Kwa wazungu anaonekana anajua, kwa wajomba anaonekana mzungu.

Tangu UNESCO itangaze 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, mwaka 2021, tunapeana pongezi kila mwaka. Nafurahi, kweli nafurahi. Tulikuwa Tanga siku hiyohiyo, redio inaimba sifa za Kiswahili, na mtoto amekaa chumbani na simu yake kwa sababu amechoka kuchekwa.

Usiku huu nimemwomba msamaha kwa yale maneno ya kwenye gari. Tumekubaliana Jumapili ampigie bibi yake, amwulize alivyoolewa, na amrekodi. Sentensi zake za kwanza tumeziandaa pamoja.

Wajomba na mashangazi mnaosoma hapa, tunakuja tena Desemba. Mtoto akisema "Bibi, kula," naombeni msicheke. Mwambieni, "Sema: Bibi, karibu chakula." Kisha mpeni nafasi aseme tena.