Chumvi Hailali

Watamu chuma kinaoza hata kikiwa ndani ya nyumba. Bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, vyote vinaota kutu huku umelala. Kwa hivyo usishangae redio ya mkononi, ile ya VHF wanayobeba manahodha wa boti za watalii, ikifa bila kuanguka majini hata siku moja.

Mwaka jana, kusi limechacha, mashine ya mjomba ilizima nje ya mwamba. Akawasha redio, chaneli 16, ile ya kuombea msaada baharini kote duniani. Akawasikia wenzake wanamwita, wanaulizana amepotelea wapi. Akibonyeza kitufe ajibu, kimya. Alikaa hivyo mpaka magharibi, anasikia jina lake tu, hadi wavuvi wakamwona na kumvuta.

Niliifungua hiyo redio mwenyewe. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokata, na siku hizi naishi kwa kuwaandikia watu mtandaoni, lakini bisibisi bado naijua. Ndani hamkuwa na tone la maji. Chini ya kitufe palikuwa na unga mweupe, na shaba imegeuka kijani.

Chumvi ndivyo ilivyo. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, inaanza kunywa maji yenyewe, na kwetu usiku unyevu huo ni kawaida. Unaipangusa redio jioni ikauke, alfajiri imelowa tena palepale.

Manahodha wananiambia, "Lakini hii imeandikwa IP67, bwana." Sawa. Hiyo 7 maana yake ilizamishwa mita 1 kwa dakika 30, kwenye maji matamu, ikiwa mpya. Haisemi kitu kuhusu bahari, wala raba iliyopigwa jua miaka mitatu. Unywele mmoja ukilala kwenye raba ya kifuniko, maji yamepata njia.

Sasa wakirudi pwani kazi ni hii. Redio inasuuzwa kwa maji matamu, betri na vifuniko vikiwa vimefungwa vizuri. Inapanguswa, ndipo betri inatolewa na vyuma vyake kusafishwa kwa spiriti. Inaanikwa kivulini penye upepo. Usiku inalala kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Mchele uacheni uwe pilau. Haukaushi kitu, unaongeza vumbi tu. Na ikitoka kwenye chumba chenye AC, ikae mfukoni imefungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo inatoka jasho kama chupa ya soda. Kabla ya kung'oa nanga, bonyeza, ongea, mwenzako ajibu. Kusikia peke yake si kupona.

Ugumu ni maji yenyewe. Visima vyetu vingi vina chumvichumvi, na maji ya mtungi tunanunua. Mtu amechoka, ana watoto wa kuogesha, unamwambia amwagie redio maji matamu? Wengine wananicheka waziwazi.

Mjomba naye alikuwa anacheka. Ila nyumbani kwake mkaza mjomba ndiye ameshika mtungi, na ameshasema: chai haimiminwi mpaka redio ioshwe kwanza.