Mafuta yatawekwa wapi, na nani atashika mrija?



Juma hili nataka tuongee jambo ambalo wengi wanaliongea kwa sauti ya chini. Mmoja wetu wa likelemba, mama wa watoto wanne, amesema wazi kwamba zamu yake ikifika hatanunua bati wala kulipa minerval. Anataka kwenda Istanbul wamtoe mafuta ya tumbo na kuyaweka kwenye makalio. Ameniruhusu niandike, mradi nisitaje jina. Wenzetu wengine walisema ni dhambi, wengine wakauliza bei. Mimi sikuona dhambi. Mtu akizaa mara nne, tumbo likalegea, akitaka kujipenda tena kwenye kioo, sioni kwa nini tumtukane. Ila alinijia jioni na simu yake akasema: "Yaya Mwalimu, unisomee hii karatasi, Kifaransa chake ni kigumu." Basi tukaisoma, jioni ya kwanza na ya pili, na niliyoyatafuta ili nimjibu ndiyo ninayowaletea.

Upasuaji huu unaitwa kwa herufi tatu, BBL, ambazo mabinti wa kalasi yangu wanazijua kuliko jedwali la kuzidisha. Daktari anamlaza mtu usingizi, anapitisha mrija mwembamba wa chuma chini ya ngozi ya tumbo, kiuno au mapaja, na kufyonza mafuta. Yanasafishwa, halafu yanaingizwa kwenye makalio kwa mrija mwingine. Si plastiki, si silikoni. Ni mafuta ya mtu mwenyewe, ndiyo maana mwili hauyakatai.

Lakini mafuta hayo ni kitu chenye uhai. Yafikirie kama miche unayoihamisha kutoka shamba moja kwenda lingine. Kila mche unahitaji udongo na maji, na mafuta yanahitaji damu ipite karibu nayo. Ukisongamanisha miche shimo moja, mingi itakufa. Vivyo hivyo, mafuta mengi mno mahali pamoja hufa, yanaacha mabonge magumu au vifuko vya mafuta chini ya ngozi. Hata kazi ikifanywa vizuri, sehemu ya mafuta hunyonywa na mwili katika miezi ya kwanza, mara nyingi kama theluthi moja, pengine zaidi. Kwa hiyo ile picha wanayokutumia, iliyopigwa siku chache baada ya upasuaji, inaonyesha pia uvimbe. Umbo la kweli unaliona baada ya miezi kadhaa, ukiwa umesharudi Likasi na pesa imekwisha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Chini ya mafuta ya makalio kuna msuli mnene, na ndani ya msuli na chini yake mna mishipa mipana inayorudisha damu moyoni. Mrija ukishuka ndani ya msuli na kupasua mshipa, mafuta huvutwa na damu, yanapanda hadi moyoni na kwenye mapafu, yanaziba njia. Mtu anaweza kufa mezani palepale, au baada ya saa chache. Hakuna dawa ya kuyayeyusha. Ndiyo maana swali la kwanza si bei wala hoteli. Swali la kwanza ni hili: mafuta yatawekwa wapi? Jibu linalokubalika ni moja tu: juu ya msuli, kati ya msuli na ngozi.

Mwaka 2017 madaktari wa upasuaji wa urembo walichapisha hesabu waliyoikusanya kwa wenzao wa nchi nyingi, na ikaonekana kwamba anakufa mwanamke mmoja kati ya 3,000 hivi. Kwa upasuaji ambao mtu anauendea akiwa mzima, bila ugonjwa, hiyo ni hesabu ya kutisha. Mwaka 2018 chama cha madaktari hao Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kabisa kuufanya. Mwaka 2022 kikalegeza kidogo: ufanywe juu ya msuli tu, na daktari awe anaangalia ncha ya mrija kwa ekografi wakati uleule anapoingiza mafuta. Ekografi ni ileile tunayofanyiwa tukiwa na mimba. Mwaka huohuo Florida, Marekani, ambako vifo vilikuwa vimezidi, wakuu walitoa amri kwamba daktari mmoja asifanye zaidi ya watu 3 kwa siku. Hiyo ya watu 3 ilinigusa kama mwalimu. Mikono ikichoka, kazi inaharibika, hata kusahihisha madaftari.

Turudi kwenye karatasi ya mwenzetu. Ilikuwa na picha nzuri, bei, gari la kumpokea uwanja wa ndege, hoteli ya usiku tano, na fasi ya kutia sahihi. Jina la daktari halikuwamo. Neno msuli halikuwamo. Ekografi haikuwamo. Kulikuwa na mstari mmoja, wa maandishi madogo, kwamba mgonjwa anakubali hatari zote na pesa ya kwanza hairudishwi. Nilimwambia: mdogo wangu, hii si karatasi ya hospitali, hii ni risiti.

Tuliwaandikia. Tuliomba jina lote la daktari na namba yake katika chama cha madaktari cha nchi yake, ili tumtafute sisi wenyewe. Tuliuliza kama yeye mwenyewe ndiye atakayeshika mrija tangu mwanzo hadi mwisho, maana kuna fasi ambazo daktari unayemwona kwenye picha anapita tu kusalimia na kazi inafanywa na mwingine. Tuliuliza kama atatumia ekografi, anapasua watu wangapi kwa siku, daktari wa usingizi ni nani, na kama hali ikibadilika usiku kuna chumba cha wagonjwa mahututi palepale au watamzungusha mjini kutafuta hospitali. Tukauliza la mwisho: akirudi Kongo na kidonda kikitoa usaha, nani atajibu simu, na kwa lugha gani? Walijibu bei na tarehe. Kuhusu daktari wakasema atajulikana akifika. Pesa ya kwanza hajaituma.

Serikali ya Uingereza iliwahi kuwaonya raia wake kwamba zaidi ya watu wake 20 walikuwa wamefariki Uturuki tangu mwanzo wa 2019 baada ya kwenda kutibiwa au kupasuliwa huko. Sitaki kusema Uturuki ni pabaya. Wako madaktari hodari huko. Ila ubaya wa kazi hauna nchi. Mwezi wa 10 mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa kutoa mafuta, na wakuu wa Kenya wakaifunga kliniki ile. Upande mwingine, Dar es Salaam, hospitali ya taifa ya Muhimbili katika tawi lake la Mloganzila ilianza mwaka 2023 kufanya upasuaji wa kurekebisha maumbo. Nawatajia hiyo kwa sababu moja: ukiwa Dar unaweza kuuliza kwa Kiswahili, na kujibiwa kwa Kiswahili. Kutia sahihi kwenye lugha usiyoielewa ni kama mtoto kunakili ubao asioweza kuusoma. Maswali yenyewe ni yaleyale, Dar au Istanbul.

Kabla ya hayo yote, mwili wako uupime hapa nyumbani. Ujue wingi wa damu, maana wengi wetu tuna upungufu bila kujua, na upasuaji huu unapoteza damu. Ujue kama una SS au AS, na umwambie daktari. Upime presha na sukari. Kama unameza vidonge vya kupanga uzazi, sema, kwa sababu vinaongeza hatari ya damu kuganda kwenye miguu. Kama vidonda vyako hupona na kuacha kovu lililotuna, sema hilo pia. Na kama bado unanyonyesha, au unataka mtoto mwingine, ngoja kwanza. Mimba italivuta tumbo upya na kazi itakuwa ya bure.

Halafu kuna kukaa. Baada ya upasuaji hutakiwi kukalia makalio kwa majuma mawili au zaidi, kwa sababu uzito unayanyima mafuta damu. Utalala kifudifudi au ubavu, na ukilazimika kukaa utatumia mto maalum chini ya mapaja. Sasa fikiria ndege hadi Addis Ababa, ndege nyingine hadi Lubumbashi, kisha basi la kilomita 120 hivi hadi hapa, na mashimo tunayoyajua. Fikiria kiti kifupi mbele ya mbabula, kusonga bukari, mtoto mgongoni. Nani atafanya hayo? Na ndege yenyewe, mapema hivyo baada ya upasuaji, inaongeza hatari ya damu kuganda. Mpango wa usiku tano hotelini unamfaa mwenye hoteli. Pesa ya kubaki huko siku zaidi, na ya matibabu mambo yakiharibika, ihesabiwe kabla ya kusema "inatosha".

Najua wengi wenu mtasema: mwalimu, dola hizo tutazitoa wapi, sisi tunameza vidonge vya sokoni. Hapo ndipo naogopa zaidi, kwa sababu hao ni wengi kuliko wa Istanbul. Periaktini inafungua hamu ya kula na kuleta usingizi. Unanenepa kwa kula, na mafuta hayachagui kwenda nyuma. Deksametazone ni kali zaidi. Inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, inalegeza mifupa, na ukiisha kuizoea huwezi kuiacha ghafula bila hatari, ni lazima daktari akupunguzie polepole. Kuna na zile kube za mchuzi ambazo wanawake wa Kinshasa walijulikana kuziingiza nyuma. Chumvi inaunguza utumbo, makalio hayaongezeki hata kidogo. Na anayekuja nyumbani na sindano ya "jeli" ya kukuza makalio, mfukuze. Hiyo mara nyingi ni silikoni ya majimaji, inatembea mwilini, inavimba, na kuitoa yote haiwezekani.

Kwa mama ambaye amesharudi na upasuaji wake, au anayemfahamu mwingine aliyerudi kimyakimya: mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata, kifua kikichoma, homa ikipanda, ngozi ikiwa nyekundu na moto au kidonda kikinuka, ni hospitali saa ileile, hata usiku. Usiseme ni malaria. Mwambie munganga ulichofanyiwa, wapi na siku gani, na umwonyeshe karatasi zote ulizopewa, hata zile za Kituruki.