Mashine ya Upepo

Wasomaji wetu waliozoea kusoma katika kurasa hizi khabari za udhu na sala na malezi ya watoto, watatuwia radhi leo tukiwaletea khabari ya chombo cha chuma. Chombo chenyewe ni ile mashine ya kujazia upepo, ambayo mafundi huiita kompresa. Sisi ni mwalimu wa chuo tu. Tulisoma Kurani na shule ya msingi, wala ufundi hatukuusomea. Lakini mashine hii imetugharimu fedha, na imetugharimu na kitu kingine kilicho ghali kuliko fedha, nasi tumeona si vizuri kunyamaza hali wenzetu wengi wana vijana majumbani mwao wanaotaka kuanza kazi kama hii.

Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu mkubwa, alikhitimu Kurani mikononi mwetu, kisha akaenda Masasi kujifunza ufundi wa pikipiki. Aliporudi hapa Nachingwea alifungua kazi uani kwa mama yake, chini ya mwembe, upande unaotazama barabara. Alikuwa na funguo zake, viraka, gundi, na pampu ya mguu. Kijana wa bodaboda aliyepata pancha alizibiwa vizuri. Lakini kwa kuwa pampu ya mguu huchosha na huchelewesha, na wenye bodaboda hawana subira, ilikuwa aghalabu huvuka barabara kwenda kwa jirani mwenye mashine kujaza upepo. Jirani alichukua ujira wa upepo, na siku nyingine alimchukua na mteja mwenyewe. Tena upepo si wa matairi peke yake. Kabureta husafishwa kwa kupulizwa, na filta kadhalika. Na msimu wa kupuliza salfa katika mikorosho, pampu za wakulima huja zimeziba, nazo hazizibuliwi kwa pampu ya mguu.

Akaja kwetu jioni moja, baada ya Alasiri, akakaa mkekani, akasema, "Mjomba, nimekuja na shida yangu." Katika watu wetu wa huku, Wamwera na Wamakua na Wamakonde, ukoo hushikwa kwa upande wa mama, na mjomba si mtu wa kupita tu; shida ya mpwa hufika kwake kwanza. Tulikuwa na akiba ya kununulia mabati, kwa kuwa paa letu limekwisha choka. Tukakubali kumkopesha, karadha hasanati isiyo na nyongeza, alipe kila Ijumaa kadiri ya alichopata. Tukaandika deni, na mashahidi wawili wakatia saini. Mpaka hapo hatuoni kosa tulilofanya.

Kosa lilianza pale tulipojifanya sisi ndio wachaguzi. Yeye alitaka mashine ndogo mpya. Sisi tulikuwa tumesikia kwamba Ruangwa yuko mtu, tuliyesoma naye chuo kimoja utotoni, anauza mashine yake kubwa iliyokwisha tumika, kwa bei iliyo chini ya ile ndogo. Tukapanda basi la asubuhi, sisi na kijana. Tukaikuta imesimama barazani, tangi lake la lita 200, imepakwa rangi nyekundu mpya inayong'aa. Mwenyewe alitupokea kwa bashasha, tukaletewa chai na mihogo, tukakumbushana marehemu mwalimu wetu na bakora zake. Kijana aliinama akalitazama tangi kwa chini, kisha akatuita kando: "Mjomba, hii rangi imepakwa ya nini? Na mota hii ni ndogo kwa tangi hili." Tukamwambia, "Mwanangu, huyu ni mtu wetu." Tukalipa.

Sisi watu wa Nachingwea tungalipasa kuwa wa mwisho kudanganyika na ukubwa wa chuma. Wazee wetu walituhadithia jinsi Waingereza, baada ya Vita Vikuu vya Pili, walivyoleta matrekta kwa ajili ya kilimo cha karanga, kuanzia Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na hapa kwetu. Mengine yalikuwa masalio ya jeshi, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa vya kung'olea visiki. Walileta kwanza mashine, kisha ndipo wakaiuliza ardhi na mvua. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, mamilioni ya paundi yamekwisha teketea, na reli iliyojengwa kuja hapa kutoka pwani ikafungwa mwaka 1962. Nasi tuliyahadithia haya kwa watoto chuoni mara nyingi, kwa kucheka.

Siku ya tatu kijana akaja kutwambia kwamba rangi imefura karibu na mshono wa chini wa tangi, na akiibonyeza hutoka maji ya kutu. Tulikwenda tukaona kwa macho yetu. Hapo ilitupasa tupande basi siku ile ile. Mwalimu yeyote wa chuo ajua kwamba mwenye kununua kitu kisha akakuta aibu iliyofichwa, ana khiyari ya kukirudisha. Na katika madhehebu yetu ya Shafii yapasa afanye haraka, kwani akikaa nacho na kukitumia baada ya kujua, khiyari yake huondoka. Tumeifundisha mas'ala hii. Lakini tuliona haya. Tulijisemea, tutamkabili vipi mtu tuliyekula mihogo yake? Tukamwambia kijana, "Itumie kwanza, tutazame."

Akaitumia majuma matatu. Jirani alipata wateja wake tena, kwa maana mota ile ndogo ilichukua muda mrefu kulijaza tangi lile, na wenye bodaboda walikuwa wakisimama kama watu wanaongoja meli. Kisha mshono ukaanza kuvuja upepo kwa sauti. Tukampeleka fundi wa kuchomelea. Yeye aligonga tangi kwa nyundo ndogo mahali pengi akisikiliza, akakwangua rangi, nasi tukaona kiraka cha zamani, na pembezoni mwake bati limeliwa na kutu mpaka limekuwa jembamba kama gamba la yai. Akakataa kuligusa. Tulipomwomba, akatueleza kwa upole kama tunavyowaeleza watoto alifu. "Mwalimu, tangi la maji likipasuka, maji humwagika, basi. Upepo uliobanwa ni kitu kingine; umejikunja kama chui. Tangi la upepo likipasuka ni bomu, na vipande vyake ni vya chuma. Nikiziba hapa, litapasuka pale, na kijana wako atakuwa amekaa kando yake."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, hatukusema neno. Kwa majuma matatu tulikuwa tumemkalisha mtoto wa dada yetu kando ya kitu kile, kwa sababu ya haya zetu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, kijana akatuletea fungu lake la deni kama kawaida. Alikuwa ameliweka katika bahasha. Mashine imekufa, naye analipa. Tukaitazama bahasha ile, ndipo tukafahamu tulipofika. Mchaguzi alikuwa sisi. Aliyeona aibu ya kitu akatutahadharisha alikuwa yeye. Aliyeipoteza khiyari alikuwa sisi. Tukalitwaa daftari, tukaita mashahidi wale wale wawili, tukalifuta deni mbele yao na kumrudishia alichokwisha lipa. Alikataa mara mbili. Dada yetu akatoka ndani akasema, "Pokea, mjomba wako yuko sawa," na hatukumbuki kama aliwahi kutwambia hivyo kabla ya siku ile.

Mabati tuliyaahirisha, tukauza mbuzi wawili, na safari hii kijana alichagua, sisi tukawa wabeba mizigo. Tukaenda naye Masasi. Tutaeleza aliyoyafanya, kwani humo mna faida kwa mwenye fedha chache.

Kwanza alijiuliza kazi yake ni ipi. Tairi la pikipiki, alituambia, lina nafasi ya lita 10 hivi, nalo hujazwa kufika paundi 30, ambazo ni kama mara mbili ya uzito wa hewa ya kawaida. Basi hunywa lita 20 za hewa. Tangi la lita 50 likijazwa kufika paundi 115, yaani mara 8, limeweka akiba ya lita 400. Likishuka mpaka mara 3, limetoa lita 250, na hizo ni tairi 12. Kwa mwembe wa mama yake hizo zatosha. Anayepuliza rangi magari kutwa, huyo yampasa mashine kubwa zaidi, kwa kuwa bomba la rangi hunywa upepo bila kupumzika. Na wa malori kadhalika, kwa sababu tairi zake hutaka paundi 100 na zaidi.

Jambo la pili, alitufahamisha kwamba tangi ni mtungi tu. Kisima ni pampu yenyewe. Kisima kidogo chenye mtungi mkubwa ndicho kilichotupata Ruangwa. Juu ya boksi paliandikwa lita 200 kwa dakika. Akamwomba mwenye duka aiwashe tangi likiwa tupu, akatazama saa ya simu yake: ikajaa kwa dakika tatu na nusu. Lita 400 kwa dakika tatu na nusu ni lita 114 kwa dakika. Mwenye duka hakuona haya. Alisema wenye viwanda huandika hewa inayoingia katika pistoni, si upepo unaotoka. Twasema hilo nalo lingaliandikwa juu ya boksi.

Alichukua yenye mota ya nguvu ya farasi 2, ambayo ni kama wati 1,500. Ikizunguka saa nzima bila kupumzika hula uniti moja na nusu ya LUKU, na kwa pancha haizunguki saa nzima. Aliuliza kama ni ya umeme wa njia moja, kwani za njia tatu huuzwa rakhisi zikiwa zimetumika, na watu hununua kisha hawana pa kuzichomeka nyumbani. Alichagua yenye mkanda na inayotiwa oili, ingawa ile isiyo na oili ilikuwa nyepesi na bei yake chini. Isiyo na oili pampu yake aghalabu huungwa moja kwa moja na mota, huzunguka mbio sana, hupiga kelele na kupata moto upesi. Yenye mkanda huzunguka taratibu na vipuri vyake hupatikana. Mama yake yumo nyumbani mle, na jirani wana mtoto mchanga, kwa hiyo kelele nayo ilikuwa katika hisabu.

Kisha akalizima, akatutaka tunywe soda. Tulidhani ni ukarimu. Kumbe alikuwa akiitazama geji kama mshale utashuka, haukushuka. Akavuta kipete cha vali ya usalama, upepo ukatoka kwa kishindo, vali ikafunga tena. Akasoma kibati kilichobanwa tangini chenye mwaka wa kutengenezwa na mwisho wa nguvu yake. Akafungua kizibo cha chini. Tulipoyaona haya, tulikumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoingiza mkono wake katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta umajimaji ulio chini. Sisi tulipokuwa Ruangwa, mikono yetu ilikuwa katika sahani ya mihogo.

Nyumbani aliiweka chumba cha nje, akanunua mpira mrefu wa upepo ufike barabarani. Tulimshauri arefushe waya wa umeme badala yake, kwa kuwa tulikuwa nao. Akasema waya mrefu mwembamba hupunguza nguvu ya umeme, mota huguna isiamke, kisha huungua. Tukanyamaza. Wadogo zake aliwakataza kabisa kujipulizia vumbi la nguo kwa mpira ule, maana upepo huo waweza kutoboa ngozi au kuharibu jicho. Na kila jioni, kabla ya Magharibi, hufungua kizibo kile cha chini kumwaga maji, kwa kuwa hewa ikibanwa hutoa maji yake, na maji hayo ndiyo yaliyolila tangi la kwanza.

Tulikwenda Ruangwa mara ya pili, peke yetu. Hatukwenda kudai, kwani haki ya kurudisha tulikwisha ipoteza kwa mikono yetu. Tulikwenda kumweleza kile ambacho fundi alikwangua. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, hukuniuliza." Ni kweli, hatukumuuliza. Lakini mwenye kuijua aibu ya kitu chake hangoji kuulizwa, naye alikaa nasi katika mkeka mmoja tulipofundishwa hayo. Tulimwambia hivyo, tukaaga. Kufika leo hajatuma kitu, na salamu zetu zimekuwa fupi.

Lilibaki tangi lile jekundu, limelala nyuma ya banda la kuku. Alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, akalipima kwa kilo, kisha akasema ataongeza bei likiachwa zima, kwani yuko mtu wa kulichukua. Kijana hakumuuliza ni mtu gani. Aliingia ndani, akatoka na mashine ya kutobolea, akalitoboa tangi mahali sita, juu na chini, asiweze mtu yeyote kulitia upepo tena. Mnunuzi akalipa bei ya kilo, akaenda zake akinung'unika. Fedha ile kijana aliitia katika bahasha, akatuletea Ijumaa, akasema ni ya mabati.