Pikes Peak: Mlima Uliozaa Wimbo, Wimbo Uliozaa Ugomvi

Ukitoka Denver kwa gari kuelekea kusini, mwendo wa kilomita 110 hivi, unafika Colorado Springs, na mlima Pikes Peak unakuwa umeshajaa machoni. Urefu wake ni kama mita 4,300. Kwetu sisi tuliozoea kuitaja Kilimanjaro yenye mita 5,895, huo si mlima wa kutisha. Hata Meru inaushinda. Lakini watu humiminika huko kila kiangazi kwa sababu mbili. Kwanza, unaweza kufika kileleni bila kutembea. Pili, huko ndiko lilikopata mbegu shairi la wimbo ambao Wamarekani wengi wanaupenda kama wimbo wao wa taifa.

Waute, wenyeji wa eneo hilo tangu zamani, waliuita Tava, mlima wa jua. Jina la sasa limetokana na Zebulon Pike, mwanajeshi aliyejaribu kuupanda mwaka 1806 akashindwa kufika kileleni. Mwaka 1893 alipanda mwalimu wa chuo, Katharine Lee Bates, kwanza kwa gari la kukokotwa, kisha kwa nyumbu. Mandhari aliyoyaona juu kule yalimpa shairi, likachapishwa tarehe 4 Julai 1895. Baadaye liliunganishwa na muziki wa Samuel A. Ward, mtu ambaye hakuwahi kukutana naye, likawa wimbo wa “America the Beautiful”. Leo kuna bamba la kumbukumbu yake kileleni.

Kiangazi kilichopita tulipanda watu watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Machame. Tulichukua treni ya Manitou Springs, ile yenye reli ya meno katikati inayoishika treni isirudi nyuma kwenye mwinuko. Mama alikuwa na furaha. Kila miti ilipobadilika, alieleza jinsi inavyofanana au kutofanana na ya nyumbani, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuongea na jirani wa ng’ambo ya mgomba.

Kijana wetu wa miaka 14 akamwinamia. “Bibi, tafadhali, tuongee taratibu. Watu wanatusikia.”

“Wakisikia watafanyaje?” mama akauliza.

Kijana hakujibu. Akageukia dirisha.

Swali la mama lina jibu, na jibu lenyewe linahusu wimbo wa mlima ule ule. Tarehe 2 Februari 2014, wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Coca-Cola ilirusha tangazo la dakika moja. Wimbo huo ulianza kwa Kiingereza, ukaendelea kwa Kihispania, Kitagalogi, Kihindi, Kiebrania na lugha nyingine, huku zikipita picha za familia za kila namna. Mchezo ulitazamwa na watu zaidi ya milioni 110. Muda si muda mitandao ikawaka. Wapo waliosema hii ni Marekani, watu waongee Kiingereza. Wapo waliotaka soda hiyo isusiwe. Wengine walilia kwamba wimbo wa taifa umechezewa, ilhali wimbo wa taifa wa Marekani ni mwingine kabisa. Upande wa pili walijibu kwamba huo ndio uzalendo hasa: watu wa asili mbalimbali kuisifu nchi moja. Kampuni haikurudi nyuma. Mwaka 2017, siku ya Super Bowl, ilirusha tena tangazo lile lile.

Tusijidanganye, kampuni ya soda inauza soda. Lakini waliogombana hawakuwa wanagombania soda. Walikuwa wanauliza kama mtu anaweza kuipenda nchi kwa lugha ya mama yake.

Historia ya Colorado yenyewe imejaa swali hilo. Jina la jimbo ni la Kihispania. Katiba yake ya mwaka 1876 iliagiza sheria zichapishwe pia kwa Kihispania na Kijerumani hadi mwaka 1900. Mwaka 1988 wapiga kura wakakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya jimbo. Nchi nzima haikuwa na lugha rasmi hadi tarehe 1 Machi 2025, Rais Trump alipotia saini amri ya kukipa Kiingereza nafasi hiyo. Na katika lile tangazo ilisikika pia Kikeres, lugha ya Wapueblo wa New Mexico, jimbo la jirani upande wa kusini. Lugha hiyo ilikuwepo pale kabla Kiingereza hakijafika. Mwenye Kikeres akiambiwa aongee lugha ya hapa, aongee ipi?

Hata hivyo, sisi tuliotoka Tanzania hatuwezi kuwacheka wanaotaka lugha moja. Tuna makabila zaidi ya 120, na tunajivunia kwamba Kiswahili kilitufanya tuitane ndugu. Hoja ya kuwa na lugha ya kuelewana tunaijua, na ni ya kweli. Ila tunajua pia kwamba muziki wa wimbo wetu wa taifa ulitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, na maneno yake ya kwanza yalikuwa ya Kixhosa. Wimbo wa Kenya umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, na huimbwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wimbo wa Afrika Kusini ya leo una lugha tano ndani yake. Hakuna aliyepungukiwa uzalendo kwa hilo.

Kileleni kulikuwa na baridi ya kuuma, na hewa nyepesi. Tulimketisha mama ndani, tukamletea chai na zile donati zinazokaangwa huko juu, ambazo yeye aliziita maandazi yenye tundu. Akamwita mjukuu wake akae karibu.

“Mimi nilipokuwa shule,” akamwambia, “aliyekamatwa anaongea Kichaga alivishwa kibao shingoni. Tuongee Kiswahili, tujenge taifa. Nikakijifunza, nikakipenda, nikakulelea baba yako. Kichaga changu sikukitupa. Sasa na wewe unanivisha kibao?”

Alisema bila hasira. Kijana akatabasamu kwa aibu. Baadaye, tulipotoka kwenda kwenye bamba la wimbo, mama alimuuliza limeandikwa nini. Akaanza kumsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida. Kwenye jina la rangi moja alikwama, akanigeukia.

“Zambarau,” nikamwambia.

“Kama matunda?” akauliza.

“Kama matunda,” akajibu bibi yake. “Endelea.”

Mzee mmoja wa Kimarekani aliyekuwa nyuma yetu alisubiri kimya mpaka tulipomaliza, ndipo naye akasogea kusoma.

Ukitaka kwenda na familia yako, kata tiketi ya treni mapema, maana kiangazi huisha haraka. Au panda kwa gari kwenye barabara ya kulipia yenye kilomita 31 hivi. Beba makoti hata kama Julai inawaka huku chini, kunyweni maji mengi, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kwanza. Mkishuka, pitieni chemchemi za Manitou Springs, ambako maji ya madini huonjwa bure. Yana ladha ya chuma. Mama alisema yanafanana na dawa.