Barua kwa binti wa kaka yangu, kuhusu Chiromo na Eldoret

Tassia, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa juu kwenye kamba za nguo, maana stima imepotea tangu saa kumi na huko ndiko simu yangu inakoshika mtandao. Sikutaka kukujibu kwa simu. Ningekukatiza, ungenikatiza, kisha nyanyako angeichukua anisalimie na mazungumzo yangeishia kwenye ng'ombe. Barua hii nitaituma kwa basi la kesho pamoja na dawa zake za presha. Msomee ile sehemu ya blanketi tu, hayo mengine ni yetu wawili.

Umeniambia alama zako za klasta hazifiki Udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ila ukilinganisha na mwaka jana zinatosha Udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Biolojia ya Nairobi unaipata bila jasho. Basi umepanga uchukue hiyo Biolojia, ukae kwangu, usome kampasi ya Chiromo mpaka wakuone, halafu uhamie Udaktari. Na rafiki yako amekutumia video za wanafunzi wa Marekani wanaojiita pri-med, nawe umeona njia yao inafanana na yako.

Haifanani. Mmarekani akimaliza shule ya upili kwa kawaida hawezi kuingia udaktari moja kwa moja. Husoma kwanza shahada ya miaka minne, wengi wao biolojia, akafanya mtihani uitwao MCAT, ndipo akaombe shule ya udaktari, miaka minne mingine. Kwao biolojia ni ngazi, na ngazi ile imejengwa ifike juu. Sisi tulirithi utaratibu wa Waingereza. Unatoka KCSE unaingia mwaka wa kwanza wa Udaktari, unasoma miaka sita, unafanya mwaka wa uanagenzi hospitalini, ndipo unasajiliwa. Mlango wenyewe ni huo uliosimama mbele yake wiki hii.

Kuhama kupo, ndiyo. KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, hufungua dirisha la wanaotaka kubadilisha chuo au kozi. Lakini anayehama hupimwa kwa alama zile zile za KCSE, dhidi ya kiwango cha kozi anayoiendea. Uwe wa kwanza darasani Chiromo, uwe wa mwisho, karatasi inayosomwa ni ya Kidato cha Nne. Njia nyingine ni kumaliza Biolojia kisha uombe Udaktari ukiwa na shahada mkononi. Vyuo hupokea watu wa namna hiyo, nami nimefanya kazi na wawili. Walianza upya kwa karo ya kujilipia, kwa sababu udhamini wa serikali hutolewa kwa shahada ya kwanza. Mmoja, shamba la babake liliuzwa kwa ajili yake. Babako hana shamba la kuuza, ana kile kipande ambacho nyanyako amekilalia.

Nakwambia haya kwa uchungu kidogo, utanisamehe. Mwaka 1982, nilipomaliza Kidato cha Sita, nilipewa nafasi ya sayansi katika chuo ambacho sitakitaja. Bwana mmoja ofisini aliniambia, "Ingia tu, mwisho wa mwaka tutaona." Mwisho wa mwaka hakuna aliyeona chochote. Nikarudi mwaka wa pili nikiwa na ahadi ile ile, nasoma huku nimekaa upande, kama abiria aliyeshika mkoba mapajani akingoja kushuka. Nilifeli masomo mawili ambayo ningeyapita nikiwa usingizini. Baadaye nikaenda maabara ya hospitali, nikaangalia malaria kwenye darubini miaka 28, na kazi ile niliipenda kweli. Lakini ile miaka miwili hakuna aliyenirudishia.

Na Chiromo itakutesa kwa namna yake. Idara ya Anatomia ya Binadamu iko pale pale kampasi. Utakuwa unatoka kwenye somo la mimea, wenzako wa Udaktari wanapita wamevaa makoti meupe wananukia fomalini, na moyo utakuambia uko karibu. Hutakuwa karibu. Mimi nimeishi Tassia miaka 19, ndege za JKIA zinapita juu ya bati letu mchana na usiku, na safari nilizopanda ndege ni mbili.

Sasa, kama unachopenda ni biolojia yenyewe, hilo ni neno lingine, na hapo nitakuunga mkono mpaka babako anichukie. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960 katika lile kundi la wanafunzi waliosafirishwa kwa ufadhili wa wakfu wa familia ya Kennedy, akasoma biolojia Kansas, akamaliza 1964. Hakugeuka daktari wa watu. Alirudi akafundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata uzamifu 1971, wa kwanza kwa mwanamke Afrika Mashariki na Kati, na hayo ya miti unayajua. Kuna pia Thomas Odhiambo, mtu wa wadudu, aliyeanzisha kituo cha utafiti cha icipe mwaka 1970. Ukishika hii Outering yetu mpaka Allsops, ukakunja Thika Road hadi Kasarani, utaikuta kampasi yao inaitwa Duduville. Jina la mchezo, kazi si ya mchezo: wanachunguza mbu, mbung'o, nyuki, wadudu wanaokula mahindi ya nyanyako. Nenda ukawaulize wanahitaji watu gani. Ukirudi macho yanawaka, jaza Biolojia na usizungumze tena habari ya kuhama. Lakini ulipokuwa Kidato cha Pili ulikaa na mimi wodini katika Hospitali ya Mama Lucy usiku mzima tukimuuguza jirani, na asubuhi ulikuwa unajua kila mgonjwa wa upande ule anaugua nini na nani hakuletewa uji. Hukuuliza habari ya mbu hata mmoja.

Basi tuseme ni Udaktari. Kinachokukwaza Eldoret ni nini hasa? Nimehisi kwenye maneno yako kwamba ni jina. Nairobi ina jina, kweli. Shule yake ya udaktari ni ya tangu 1967 na hospitali yake ni Kenyatta. Ila jina halikufundishi kutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji. Unafundishwa na wagonjwa, na mtu mwenye subira aliyesimama nyuma yako. Shule ya Moi ndiyo ya pili ya umma kwa umri, ilipokea wanafunzi wa kwanza 1990, na iko ubavuni mwa hospitali kubwa ya rufaa inayopokea watu kutoka Magharibi na Bonde la Ufa. Wana utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya mashinani wangali wachanga kabisa, wakae na watu. Na kufundisha kwao tangu mwanzo kumesimama juu ya maswali: mnapewa kisa cha mgonjwa, kikundi kidogo, mnakwenda kutafuta. Wewe ambaye mwalimu wako wa Kemia alikuita "Bi Kwa Nini" utafaa huko kuliko kukaa nyuma ya ukumbi.

Usichukue neno langu hivi hivi. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa nne, wa Moi na wa chuo kingine chochote unachokiwazia, umuulize: kwenye raundi ya wodi mnakuwa wangapi kwa kitanda kimoja? Mhadhiri akikosa, nani anawafundisha? Maiti moja mnagawana watu wangapi? Kisha angalia orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, uone chuo kimeidhinishwa kufundisha Udaktari. Majengo mapya na basi lenye rangi si idhini.

Pesa. Mfumo ulioanza 2023 ulikuja kuweka familia katika makundi matano, maskini kabisa alipe asilimia 5 ya gharama ya kozi, wenye nacho asilimia 40, kilichobaki kikitoka kwenye ufadhili na mkopo wa HELB. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kesi ikaenda rufaani, na mambo yamekuwa yakibadilika. Kwa hiyo soma barua yako mwenyewe, usisome ya rafiki yako. Ukipangwa kundi lisilokufaa, kata rufaa siku hiyo hiyo. Kumbuka pia Udaktari ni miongoni mwa kozi ghali zaidi, na asilimia ndogo ya kitu kikubwa bado ni pesa. Lakini hesabu ya "nitakaa kwa shangazi bure" umeikosea. Matatu mbili kwenda, mbili kurudi, Jogoo Road asubuhi ya mvua utafika Chiromo somo limekwisha. Hapa kwangu maji yanakuja kwa mkokoteni na jirani wa juu ana spika kubwa kuliko meza yake. Chumba cha kupanga na wenzako Eldoret hakitanishinda mimi na babako tukishikana.

Na usiingie ukidhani koti jeupe ni mshahara. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na kidonda kikubwa kilikuwa malipo ya wanagenzi: serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 kwa mwezi, wao wakishikilia 206,400 za mkataba wa 2017. Kuna vijana waliokaa nyumbani na shahada wakingoja kupangiwa hospitali. Mmoja alikuwa akiuza mitumba hapa steji ya Tassia, anakupimia suruali huku anakuuliza kama kikohozi kimepona.

Weka chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kozi ya tabibu wa kliniki, kama chaguo la chini. Miaka mitatu, na ukitoka unashika wagonjwa kweli. Kwenye vituo vya afya vya huko ushago huyo ndiye watu wanayemwita daktari. Babako atanuna. Mwache anune.

Dirisha la kurekebisha machaguo ya kozi linafungwa Ijumaa usiku, na saa za mwisho mtandao hulemewa, kwa hiyo njoo Jumatano. Tutakwenda saiba ya yule kijana aliye chini ya kanisa, yeye haharakishi mtu. Uje na kitambulisho na nambari yako ya mtihani. Jumanne, kabla hujaondoka, piga simu Eldoret umuulize huyo wa mwaka wa nne yale maswali, uandike majibu kwenye karatasi.

Na mwambie nyanyako lile blanketi zito la bluu asimpe mtu. Eldoret kuna baridi.

Shangazi yako,
Tassia