Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Dawa ya Kichina

Arua Hill, Arua

Mpwa wangu mpendwa,

Picha uliyonitumia kutoka Koboko, ya karatasi iliyokuja na ile chupa ya dawa, nimeiona. Inasema mitishamba hiyo ya China "imethibitishwa" kuondoa sonona, na chini kabisa, kwa herufi za kusoma kwa miwani, kwamba ilijaribiwa kwa panya. Unauliza kama mama yako aache vidonge vya sonona vya hospitali anywe dawa hiyo. Hapana, asiache. Nakueleza kwa nini, maana nakujua: ukiambiwa hapana tupu hutulii.

Jaribio la dawa za sonona linalotumika sana kwa panya ni la kuogelesha, lililoanzishwa na Roger Porsolt na wenzake huko Ufaransa mwaka 1977. Panya anatiwa katika chombo cha kioo chenye maji ya nyuzi 25 hivi, chenye kina asichoweza kugusa chini. Kwanza anahangaika, anaparamia kioo. Kisha anachoka kuhangaika, anaelea, akisukuma mguu mmoja tu ili pua isizame. Mtafiti ana saa mkononi: dakika 6 zote, na katika zile 4 za mwisho anahesabu sekunde ambazo panya ametulia. Wengine wamepewa mitishamba, wengine maji matupu, wengine dawa ya sonona ya zamani kama imipramini. Wa mitishamba wakitulia kwa muda mfupi kuliko wa maji, dawa inapata alama. Mara nyingi "imethibitishwa" ni hilo tu.

Lakini hata kafeini humfanya panya apige miguu zaidi. Ndiyo sababu mtafiti makini hupima pia mwendo wa panya nchi kavu, ajue kama dawa imegusa sonona au imechangamsha miguu tu. Tena panya huonyesha mabadiliko kwa dozi iliyotolewa saa moja kabla, ilhali vidonge vya mama yako huhitaji wiki kadhaa. Na huyo aliyetulia, nani ajuaye kama amekata tamaa? Huenda anatunza nguvu zake, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Kwa kuchuja dawa za kuendelea kupimwa, jaribio hilo linafaa. Lakini Wachina wenyewe wanajua njia ya kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ilivyo ndefu. Mtafiti wao Tu Youyou na wenzake waliona dondoo yao ya pakanga ikimaliza vimelea vya malaria kwa panya na nyani mwaka 1971. Mwaka 1972 waliimeza wao wenyewe kwanza, ndipo wakawapa wagonjwa.

Hata mmea uliopimwa kwa watu una hatari zake. Mmea wa Ulaya uitwao haiperikamu husaidia sonona isiyo kali, lakini hulifanya ini livunjevunje haraka dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya ARV na vidonge vya uzazi wa mpango. Ukiichanganya na dawa za sonona, unaweza kumdhuru mgonjwa. Hiyo chupa yenu haisemi lolote kuhusu kuchanganya.

Ukitaka ushahidi wa watu, uko hapa jirani, kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Wanawake 694, wakimbizi wa Sudan Kusini kutoka vijiji 14, walishiriki utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2020. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu. Wa upande mmoja walikaa vikundi vikundi mara 5, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, kijitabu cha picha mkononi. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao. Muujiza haukuwapo, nafuu ya wastani tu, lakini ni nafuu ya binadamu, ya mama anayechota maji kisima kimoja na jirani zetu.

Basi, dada yangu aendelee na vidonge vyake. Akilalamika kwamba vinamkausha mdomo au vinamlaza mno, hilo ni la kumwambia daktari, dozi huweza kubadilishwa. Jumatatu mlete kitengo cha afya ya akili hapa hospitali ya rufaa, na hiyo chupa ije naye ikiwa na karatasi yake, waisome. Nauli nitaituma kwa simu.

Mjomba wako